Kuponi Saba za Boaz

Jumamosi ile stendi ya Kahama ilikuwa imechemka. Mabasi ya Mwanza yananguruma, wapiga debe wanagombania mizigo ya watu, moshi wa mahindi ya kuchoma unaingia machoni, na chini ya mwavuli wa njano spika moja inapayuka: "Almasi, ziwa, dhahabu! Siku tatu! Tembea nchi yako uijue!"

Mbuke alikuwa amepita tu kununua zipu na nyuzi za cherehani yake. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lenye maua ya rangi ya chungwa, mikono imetuna kama maandazi, kiuno kimekaa mahali pake, kazi ya mikono yake mwenyewe. Aliposikia neno "ziwa" miguu ikasimama. Mama yake, Mama Makoye, alikuwa na miaka sitini na mitatu na ziwa alilijua kwa kuliona kwenye kalenda. Mbuke alikuwa ameapa kwamba mwaka huu hauishi kabla hajampeleka.

Akasogea mezani. Kijana aliyeshika spika alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa shati la kaki na kofia ya kampuni. Lakini fundi cherehani ni fundi tu. Kitu cha kwanza alichokiona Mbuke kilikuwa kifungo cha tatu, kimeshonwa kwa uzi mwekundu kwenye shati la kaki.

"Kaka, hicho kifungo kakushonea nani?"

Kijana akakitazama kama ndiyo kwanza anakiona. "Mimi mwenyewe, dada."

"Nilijua."

Wakacheka wote wawili. Akajitaja: Boaz, mwongoza watalii, mzaliwa wa Maganzo. Akamwonyesha karatasi. Wanaondoka Kahama Ijumaa, wanapita Shinyanga, wanatazama wachimbaji wa almasi Maganzo, wanalala Mwanza. Kesho yake wanavuka daraja la Busisi mpaka Geita kwenye dhahabu. Siku ya tatu wanarudi kupitia Katoro.

"Nauli nimeelewa, kulala nimeelewa," Mbuke akasema, kidole kikishuka kwenye karatasi. "Hiki kifurushi cha chakula ndicho kinanishinda."

"Milo saba. Unalipa hapa mara moja, elfu themanini na nne, unapewa kuponi saba. Ukifika mezani unachana moja, unakula."

"Elfu kumi na mbili sahani! Ni kuku huyo au twiga?"

"Kuku, dada. Ila ana shingo."

"Usinichekeshe, nina hasira. Niambie ukweli, siyo ule wa kwenye spika. Kina faida au hakina?"

Boaz akanyoosha mkono akaizima spika. Kimya kilichoingia pale mezani kilimgusa Mbuke mahali asipopategemea.

"Kwako wewe hakina," Boaz akasema. "Una miguu, una mdomo wa kupatana bei. Njiani utakula vizuri kuliko hotelini, na utalipa nusu. Anayefaidi kifurushi ni mtu asiyeweza kungoja. Yule ambaye chakula kikichelewa anaumia."

Mbuke akatoa kidole kwenye karatasi. "Mama yangu ana sukari. Akimeza dawa lazima ale, na ale kwa saa."

"Basi mnunulie mama. Wewe acha."

"Muuzaji gani wewe, unafukuza hela?"

"Muuzaji atakayekaa na wewe siku tatu kwenye basi moja. Nikikudanganya leo, nitakimbilia wapi?"

Alikuwa ameshika hindi la kuchoma lenye limau na pilipili. Akalivunja katikati, akampa nusu kubwa. Wakala wamesimama palepale, punje zikiwadondokea miguuni, na Mbuke akajikuta anafurahi kumtazama mtu huyu anavyokula, kwa moyo wote, bila aibu.

Namba za simu walibadilishana "kwa ajili ya safari." Hiyo safari ikawa inahitaji kupigiwa simu kila jioni.

"Fundi, umeshakula?"

"Bado nashona. Na wewe mwenye twiga wako?"

"Twiga nimemmaliza. Mbuke, hebu nikuulize. Nyumbani kwenu mmeshapata mkwe?"

"Mimi ndiye binti wa kwanza, na pekee. Mkwe atoke wapi? Kwani unamtafutia nani?"

"Nauliza tu, mama."

"Haya, uliza tu, baba."

Usiku ule Mbuke alishona mfuko wa gauni la mteja ukageuka nje ndani. Akaufumua huku anacheka peke yake.

Ijumaa alfajiri Mama Makoye alikuwa wa kwanza kufika stendi, khanga mbili mpya, viatu vya wazi, kuponi zake saba amezifunga kwenye ncha ya khanga kama dawa. Mbuke mwenyewe hakujinunulia kifurushi, alifuata ushauri. Mbuke akamwona Boaz anakuja. Alitegemea atamkumbatia mama, atampa mkono, atamfanyia utani wake. Badala yake Boaz alisimama umbali wa hatua tatu, akavua kofia, macho chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Akaondoka. Mama Makoye akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni mwa basi, kisha akaanza kupanga vidonge vyake kwenye kipochi.

Maganzo walifika saa sita na nusu. Wenye kuponi waliingia hotelini, meza ndefu, vitambaa vyeupe. Mbuke alimkalisha mama, akahakikisha sahani imefika, kisha akatoka kutafuta chake. Nyuma ya basi, kwenye benchi la mama lishe, alimkuta Boaz na ugali wa mtama, mlenda na sato mzima.

"He! Wewe si una chakula mle ndani?"

Boaz akagonga mfuko wa shati. Kitabu kidogo cha kuponi kilikuwepo, hakijachanwa hata moja. "Waongozaji tunapewa bure. Kaa, fundi. Nawa mikono."

"Mbona huli na wenzako?"

"Hapa pananinogea."

Mbuke hakuuliza zaidi, maana na kwake palinoga. Walikula sahani moja. Boaz alimchambulia miba, akamwachia minofu ya shavuni. Alipomwambia "kula, mpenzi," neno lilimtoka kama limemteleza, na wote wawili wakajifanya hawakulisikia.

Jioni ile Mwanza, Mama Makoye aliloweka vidole vya miguu ziwani, akaangalia maji hayaishi. "Kumbe kwenye kalenda walilikata," akasema. Mbuke akacheka mpaka machozi. Akamtafuta Boaz amwambie, akamkuta amesimama mbali kabisa, karibu na mawe, akimwonyesha kidole gumba.

Siku ya pili walipita juu ya daraja la Busisi na basi zima likapiga vigelegele. Boaz alishika kipaza sauti akaeleza, na kila alipofika kwenye utani jicho lake lilimwendea Mbuke. Nyuma ya Mbuke na mama yake alikaa Mwalimu Scolastika wa Isaka, mwanamke mnene mcheshi, miwani imening'inia kifuani, jicho halipitwi na kitu.

"Mdogo wangu," akamnong'oneza Mbuke, "huyu kaka yako nimemhesabia. Jana mchana hakula hotelini. Jana jioni hakula. Leo asubuhi chai kaenda kunywa kwa dereva. Ametuuzia chakula ambacho yeye mwenyewe hakigusi. Amekiona nini?"

Mbuke akacheka, lakini maneno yakabaki tumboni kama ugali mbichi.

Kabla ya kufika Geita tairi likapasuka. Jua kali, hakuna kivuli, dereva anahangaika na jeki, na saa saba ikapita. Mama Makoye alikuwa ameshameza dawa. Mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamtoka usoni, maneno yakawa mazito.

"Boaz!" Mbuke akapiga ukelele.

Boaz alishasimamisha bodaboda. Akaruka nyuma, wakapotea kwenye vumbi, na kabla watu hawajaelewana wakarudi: ndizi mbivu, soda, mkate. Lakini hakumsogelea mgonjwa. Alimpa Mbuke mfuko huku amegeuka pembeni, akampa Mama Makoye mgongo, akasimama hivyo hivyo anatazama mashamba ya watu mpaka Mbuke aliposema, "Amerudi. Anaongea."

Hotelini Geita sahani ya mama ilikuwa mezani inafuka moshi, maana Boaz aliwapigia simu njiani. Mama akala, rangi ikarudi. Hofu ya Mbuke ilipotoka, hasira ikaingia kukalia kiti chake. Akamfuata Boaz mlangoni.

"Mama yangu anatetemeka, wewe unampa mgongo! Kama mtu mchafu!"

"Mbuke, siyo hivyo."

"Basi nakuomba kitu kimoja. Ingia, kaa naye meza moja, ule hicho unachotuuzia, mama akuone. Tonge moja tu."

Boaz akamtazama mama kwa mbali, akarudisha macho chini. "Hilo siwezi."

"Kwa nini?"

"Nitakwambia tukifika Kahama."

"Watu wanasema chakula chenu unakijua, ndiyo maana hukili. Nilikuwa nakutetea. Kumbe chakula siyo tatizo, tatizo ni mama yangu. Unaona kinyaa!"

"Mbuke, nisikilize, mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Usinipigie tena simu."

Siku ya tatu Boaz aliongea kwenye kipaza sauti kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Aliwaeleza habari za dhahabu na hakuna aliyeelewa. Simu ya Mbuke ikaita mara tatu, akaiangalia inaita mpaka ikachoka. Alikuwa amevaa gauni jekundu alilolishona mahususi kwa siku hii ya mwisho, na sasa aliona kama amelivalia basi.

Katoro walisimama kwa mlo wa saba, mlo wa mwisho. Nje soko limefurika, pikipiki zinapishana kwa honi, wanawake wanauza michembe ya viazi vikavu na karanga. Mbuke hakwenda kutafuta chakula. Alikaa mbele ya mama yake, mikono mitupu mezani.

"Mbona huli?" Mama Makoye akauliza, akichana kuponi yake ya mwisho taratibu, kwa kufuata vitobo.

"Sina njaa, mama. Na samahani kwa jana. Yule kijana alikudharau, mimi ndiye niliyekuleta kwake."

Mama Makoye akaweka kijiko chini. "Alinidharau?"

"Siku tatu hajakaa meza moja na wewe. Hajakupa mkono. Unaumwa, anakupa mgongo!"

Mama akaanza kucheka. Alicheka kwa mabega kwanza, kisha tumbo, mpaka Mwalimu Scolastika meza ya pili akageuka.

"Mwanangu, umekulia mjini, na nyumba yetu haijawahi kuwa na mkwe, kwa hiyo hukosei sana. Nyumbani kwetu Usukumani, nkwilima, yaani mkwe, hata akiwa bado anamtaka tu binti yako, hatii tonge mdomoni mbele yako. Hakupi mkono. Ukiwa umelegea, nguo haijakaa vizuri, anageuka asikuone. Babako alikula kwa bibi yako nyuma ya ghala la mahindi miaka saba." Akajifuta macho kwa khanga. "Nilipomwona stendi pale amevua kofia, nilijua. Nikasema ngoja nione kama atashinda mpaka mwisho. Mvulana huyu ana siku tatu za kula hotelini bure, anakula kwenye mabenchi!"

Mbuke alihisi masikio yanawaka. Kila kitu kikampitia upya: hatua tatu, mgongo, mawe ya Mwanza, kile kitabu cha kuponi ambacho hakijachanwa. Akashika simu. Akampigia Boaz.

"Haloo," sauti ikasema, chini kabisa.

"Uko wapi?"

"Nyuma ya basi."

"Unakula nini?"

"Sili. Tangu jana hakipiti."

"Boaz, kwa nini hukuniambia?"

Honi ya pikipiki ikapita, kisha: "Ningeanzaje? Sijatuma mtu kwenu, sijaleta barua ya posa, halafu nikuambie siwezi kula mbele ya mama yako? Si ningekuwa nimeposa kwa sahani?"

"Ulianza lini kuwa mkwe bila mwenyewe kujua?"

"Siku ya mahindi. Ulipoichukua ile nusu kubwa bila kuniambia asante."

Mbuke akaziba mdomo. "Na kama ningekukataa?"

"Basi ningekuwa nimeshinda njaa bure, fundi."

"Niulize sasa hivi."

"Kwenye simu?"

"Niulize, Boaz, kabla sijalia mbele za watu!"

"Mbuke, nitume wazee waje kwenu?"

"Watume! Watume hata kesho! Na uingie humu ule."

"Siwezi kuingia, mpenzi. Unajua nani yuko mezani."

Mbuke akainua macho kumtazama mama yake. Kiti kilikuwa kitupu. Mama Makoye alikuwa ameshasimama, sahani mkononi, kipochi cha dawa kwapani. Alitembea polepole mpaka meza ya Mwalimu Scolastika, akavuta kiti, akakigeuza, akakaa akiukabili ukuta, mgongo wake mpana wenye maua ya khanga ukiwaelekea.

"Njoo," Mbuke akasema kwenye simu. "Amekupisha."

Boaz akaingia, kofia mkononi, ananukia vumbi na sabuni. Akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto. Akatoa kitabu cha kuponi, saba nzima, akachana ya kwanza, akachana ya pili.

"Hii yako. Ulisema hakina faida."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Nilikosea hesabu."

Sahani zikaja: wali, kuku, mchicha. Alikula kama alivyokula stendi, kwa moyo wote. Mbuke alimmegea paja lake, kisha akanyoosha mkono akashika kile kifungo chenye uzi mwekundu.

"Kesho unaniletea hili shati."

Kule ukutani Mwalimu Scolastika alikuwa anajipinda shingo apate kuona, na Mama Makoye akamgonga goti.

"Tazama sahani yako, mwalimu," akasema kwa sauti ya kutosha kusikika meza zote, bila kugeuka. "Mwache nkwilima wangu ashibe."