Nywele za Ng'ambo

Siku ya kilele cha Nane Nane, pale viwanja vya maonyesho Mbeya, humsikii hata aliye ubavuni kwako. Huku trekta linaunguruma, kule ng'ombe wa maziwa wanalia, na kila banda lina spika lake. Basi spika kubwa kuliko yote lilikuwa la banda la mbolea, na aliyekishika kipaza sauti ni kijana mrefu, suti ya bluu imemkaa sawasawa, kofia ya pama nyeusi kichwani. Huyo ndiye MC Kalinga, mshereheshaji wa harusi kutoka Iringa, aliyekodiwa siku tatu kuipigia mbolea debe.

Banda la jirani alikuwapo Tumpe, mtaalamu wa mbegu za viazi, koti jeupe la kazi juu ya gauni la kitenge cha njano. Uvumilivu ulipomwishia, akavuka.

"Kaka, samahani. Wakulima wangu wananiuliza maswali, nawajibu kwa ishara. Punguza basi."

"Kumbe una sauti nzuri hivyo? Njoo uwajibie hapa hapa, na mimi nisikie."

Upepo wa Agosti ukaja na vumbi lake. Kalinga akaachia kipaza sauti, kikaanguka pwaa, mikono yote miwili ikakimbilia kofia. Spika likapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Tumpe akacheka mpaka machozi.

"Jamani! Kofia gani hiyo ya kuokolewa kama mtoto?"

"Ya thamani. Nipe namba yako nitakueleza."

Namba akapewa. Utamnyimaje mtu anayekuchekesha hivyo?

Kofia hakuielezea, ila mengine yote aliyasema. Simu zikawa asubuhi, mchana na jioni, kila mmoja akisalimu kwa kilugha cha kwao.

"Kamwene, mtoto wa Kinyakyusa!"

"Ndaga, Mhehe wangu. Umekula?"

"Nitakulaje na wewe uko Mbeya?"

"Ungekuwa hujala usingekuwa na nguvu za kunidanganya."

Kila baada ya wiki mbili Kalinga alipanda basi kwenda Mbeya. Leo pama, kesho kofia ya sufu, keshokutwa kapelo. Tumpe alidhani ni mitindo ya watu wa harusi, akampenda pamoja na kofia zake. Miezi saba haikupita, wakakubaliana Kalinga akajitambulishe kwa wazazi kule Tukuyu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Mzee Andendekisye, baba yake Tumpe, ni mwinjilisti mstaafu. Kwake huingii na kofia. Unavua mlangoni, mnasali, ndipo mnakaa. Kalinga alipoelezwa hivyo, mara ya kwanza gari likaharibika. Mara ya pili akashikwa na homa. Mzee akamwita binti yake.

"Mwanangu, mwambie namsubiri Jumamosi hii. Asipokuja mara ya tatu, asije tena. Na wewe usinililie."

Jumanne jioni Tumpe akampigia mwenzake. "Mpenzi, mbuzi keshatengwa. Mnakuja wangapi?"

"Tumpe wangu... tusogeze kidogo. Mpaka mwakani."

"Mwakani! Kalinga, unanitania?"

"Kuna jambo nalishughulikia. Likiisha utanipenda zaidi."

"Jambo lenyewe lina jina?"

Kalinga akarukia habari za harusi. Tumpe akakata simu, akampigia Yotamu, fundi mitambo wa Kalinga, kijana ambaye siri haimkai.

"Shemeji, mimi simo," Yotamu akaanza, na hapo hapo akamwaga yote. "Ila pasipoti imetoka, spika anaziuza, na Ijumaa anapanda ndege kwenda mbali kuliko Dubai. Kuna dada mmoja wanapigiana kila saa kuhusu hiyo safari."

Tumpe alimpenda yule mtu, na sasa anakimbiwa mchana kweupe. Alhamisi alfajiri akavaa gauni lake jekundu, lile la kwenda kugombana, akapanda basi la Iringa. Walipopita Nyololo alikuwa na matusi ya kutosha ukumbi mzima. Kufika Mafinga yalibaki nusu. Anashuka Iringa, hakubaki na kitu ila kilio, na hicho nacho alikimeza.

Alimkuta ukumbini, anajaribu vyombo kwa ajili ya harusi ya jioni. Kina mama wa kamati walikuwa wanafunga vitambaa vya zambarau kwenye viti. Kalinga alishika kipaza sauti, suti ya kijivu, kofia ya pama kama kawaida.

"Tumpe! Umefikaje?"

"Kwa basi. Mwanamke gani huyo?"

"Mwanamke gani?"

"Wa ng'ambo! Unayeuza spika umfuate! Mbuzi wa baba amefungwa nyuma ya nyumba, na wewe kesho unapaa. Si ungeniambia tu kwamba hunitaki?"

"Sina mwanamke!"

"Una nini sasa?"

"Nina upara!"

Weee! Kipaza sauti kilikuwa wazi. Neno likapiga ukuta hadi ukuta, likatoka madirishani mpaka kwa waendesha bodaboda. "Pole, mkuu!" mmoja akajibu kutoka nje.

Mama mmoja aliyekuwa juu ya ngazi akageuka. "Baba, kumbe ulikuwa unaficha? Sisi tunajua tangu harusi ya mwanangu, ulipoinamia keki kofia ikapanda. Endeleeni, tusiwakatize."

Kalinga alitamani ardhi ipasuke immeze. Akakaa kwenye kiti cha bwana harusi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Tumpe akakaa cha bibi harusi.

"Mwaka juzi," Kalinga akasema, kipaza sauti kimeshazimwa, "nilikuwa na mchumba. Aliniita babu mbele ya rafiki zake, wakacheka wote. Kisha akaniacha. Nikaapa wewe hutanicheka."

Akatoa karatasi za kliniki. "Wanachota mafuta tumboni mwako, wanachambua seli shina, zile ambazo bado zinaweza kugeuka kitu kingine, halafu wanazidunga kichwani. Nywele zinaota."

"Zimeota kwa nani?"

"Wanasema bado ni majaribio."

"Ah, majaribio! Hapo umegusa kazi yangu." Tumpe akazisoma zote, kidole mstari kwa mstari. "Mimi nikimpelekea mkulima wa Kilolo mbegu mpya aijaribu, simuuzii. Nampa bure na shukrani juu. Na pembeni tunapanda mbegu ya zamani, ili tulinganishe. Hawa wamelinganisha na nini? Na kwa nini anayejaribiwa ndiye anayelipa?"

Kalinga akakuna shingo. Akampigia wakala wa kliniki, aliyeko Dar es Salaam. Ndiye yule dada wa simu za kila saa.

"Dada, mmeshatibu wangapi, na zimeota kwa wangapi?"

"Kaka Kalinga, takwimu ni siri ya kliniki. Ila ukimalizia malipo leo kuna punguzo, na tisheti."

"Tisheti!" Tumpe akadakia. Simu ikakatwa.

Kalinga hakucheka. "Na kama kweli inafanya kazi?"

"Basi hata miaka mitano ijayo itafanya kazi. Wakithibitisha, nitakusindikiza mwenyewe, begi nakubebea. Kichwa ni chako, sikukatazi. Lakini mimi nataka mtu, Kalinga. Siwezi kumngoja mtu aote nywele ndipo anipende mchana kweupe."

"Hujakiona."

"Vua kofia basi."

Pama likatoka. Nywele zilibaki pembeni tu. Katikati palikuwa peupe, panang'aa, na nundu mbili juu.

"Nikinyoa zote ndiyo balaa zaidi," akasema kwa sauti ndogo. "Nafanana na kiazi."

"Sasa hilo unamwambia nani?" Tumpe akaweka kiganja pale juu, akakiacha. "Viazi si ndiyo kazi yangu?"

Kalinga akalia, kwa furaha, bila kujificha. "Tumpe, utakubali kuolewa na kichwa hiki?"

"Mimi nimekubali. Mwambie baba. Na upige ya video."

Uso wa mzee ukajaa kwenye kioo cha simu, blanketi mabegani, mvua inapiga bati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Naitwa Kalinga. Niliahirisha kuja kwako kwa kukionea aibu kichwa hiki. Naomba unisamehe. Jumamosi nakuja na wazee wangu."

Mzee akasogeza simu karibu na macho. Tumpe akamkamata mwenzake mkono, kwa nguvu.

"Kichwa nimekiona. Kina nini?"

"Kina upara, baba."

"Basi? Mimi nilidhani una mke huko!" Mzee akacheka hadi blanketi likaanguka. "Njoo, mwanangu. Ila baridi ya huku si ya mchezo, usije kichwa wazi. Vaa kofia, mlangoni utavua."

MC Kalinga akanyoosha mkono kulichukua pama lake. Tumpe akamjibia.

"Atavaa, baba. Tunakuja."