Migomba Bwawani

Jamani, nyumba hii ilikuwa na utulivu wake. Mke wa mkulima wa ndizi alikuwa uani, mbele yake shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Wengine huliacha lioze shambani. Yeye alimwona mbuzi akivuta ganda la shina kama hilo, ukatoka uzi mrefu mweupe usiokatika, na tangu siku hiyo hakutulia. Alibandua maganda, akayalaza ubaoni, akayakwangua kwa kisu butu mpaka zikabaki nyuzi tupu. Mbona za ganda la nje ni ngumu, na za ndani laini kama nywele za kichanga? Akakwangua jingine ajue.

Mama mkwe alivuta uzi kwa jino. "Mkwe wangu, huu utaning'oa jino, na ninalo moja!"

Fundi wa mikeka alipoziona nyuzi zile, akaagiza mzigo mzima. Hapo tamaa ikamwingia mume.

"Kwa siku unamaliza mashina mangapi?"

"Mawili."

"Kazi ya kobe hiyo! Tuyaloweke yote, yaoze yenyewe, sisi tuvute nyuzi tu."

"Tuyaloweke wapi?"

"Bwawani."

"Si ndiyo maji tunayokunywa, sisi na majirani?"

"Bi Maswali, maji hayaozi!"

Akatumbukiza mashina arobaini.

Mke alikwenda kutazama kila asubuhi. Siku ya tatu maji yalikuwa rangi ya chai, yana povu. Siku ya tano visamaki vilielea, matumbo juu. Akamwambia mumewe. "Subiri," akajibiwa. Basi akawaonya majirani, akawa anafuata maji mbali, kisimani.

Lakini mchana mmoja kabla mke hajarudi, mama mkwe alishikwa na kiu, akachota palepale bwawani. Jioni alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani. Walimkimbiza zahanati kwa mkokoteni.

"Mgonjwa amekunywa nini?" muuguzi aliuliza.

"Maji," mume akasema.

"Maji gani?"

"Ya bwawa tulilolowekea migomba." Mke ndiye aliyejibu.

Siku mbili za dripu zilimrudisha bibi wa watu. Alipofumbua macho, akamwangalia mwanawe. "Mwanangu, na mimi ulitaka kuniloweka?"

Mume akaenda kuyaopoa mashina, maji kiunoni, majirani wakipita na ndoo bila salamu. Nyuzi zilikatika mkononi kama karatasi iliyolowa. Bwawa halikunyweka mpaka mvua za msimu uliofuata.

FUNZO

Ndugu zangu, taka za shamba zina mali ndani yake, nami nawasihi mzichunguze. Ila msiziozeshe kwenye maji ya watu. Na mwenzako akikuuliza "wapi?", usimcheke. Mjibu kwanza, ndipo unyanyue mzigo.