Afisa wa Buibui

Chokaa ilikuwa nzito, jua lilikuwa linazama, na mimi nilikuwa na hasira na serikali. Kwa kijiji chetu, hiyo ni jioni ya kawaida kabisa.

Nilikuwa natoka dukani, mfuko begani, vumbi jeupe likinishukia shingoni. Chokaa hiyo ilikuwa ya kupaka ukutani, maana watu husema buibui hawaipendi. Watu husema mengi. Nilishajaribu mafuta ya taa, siki, ubani, na mafuta ya mnanaa aliyoyatuma shemeji kutoka mjini. Buibui walinitazama tu. Walinitazama kwa macho yao yote.

Nyumba ya mama imechimbwa, kama nyumba zote za zamani kilimani kwetu. Ua ni shimo kubwa lililo wazi juu, vyumba ni mapango ubavuni mwa shimo, na unaingia kwa njia ya chini kwa chini inayoteremka gizani. Mchana wa kiangazi ni pa baridi kama ndani ya mtungi. Ndiyo maana Selma, mke wangu, alikuja kujifungulia huko badala ya kuokwa kwenye fleti yetu ya mji mpya. Mtoto wa kike. Kesho yake ingekuwa siku ya saba, siku ya kupewa jina.

Na chumba alichokuwa analala kilikuwa na buibui weusi wenye madoa mekundu mgongoni.

Kiangazi kilichopita mmoja wa hao alimuuma binamu yangu Ammar wakati wa kuvuna shayiri. Ammar ni pande la mtu. Alitetemeka, akatoa jasho, tumbo likakakamaa kama ubao, akapelekwa hospitali ya Gabes akimwita marehemu mama yake. Nilimuuliza daktari: na mtoto mchanga je?

"Mtu mzima huteseka," alisema. "Mtoto mchanga..."

Akaangalia saa yake.

Makao ya buibui niliyajua. Mwisho wa chumba umesimama mtambo wa kufumia wa Shangazi Tebra, dada yake babu. Alikufa nikiwa mdogo, blanketi likiwa nusu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa. Buibui walikuwa wamejaa katikati ya nyuzi, juu mpaka chini, na utando wao ulikuwa umeshikana na sufu hadi usijue mfumaji ni nani.

"Tuukate tuuchome, yaishe," nilimwambia mama, na haikuwa mara ya kwanza.

Mama yangu, Hajja Khadhra, alikuwa anamlisha Selma zrir, ule ufuta wa asali wa wazazi. Hata hakugeuka. "Buibui alimsitiri Mtume pangoni. Wewe mwalimu wa jiografia unataka kumchoma."

"Yule hakuwa mweusi wa madoa, mama."

"Ulikuwepo?"

"Basi buibui tuwaache. Mtambo tu."

"Mtambo wenye kazi haukatwi, Lazhar. Blanketi likiisha, wanaume wanatoka, mwanamke analinyunyizia maji, analisomea shahada kama mtu anayekata roho, ndipo anakata. Hilo halijaisha. Tebra alilianza kwa ajili ya mtoto, na mtoto hakumpata. Ukilikata sasa unakata kitu kilicho hai."

"Mama mkwe," Selma alisema taratibu, "jana mmoja alikuwa kwenye kamba ya susu."

Susu la kulazia mtoto lilikuwa linaning'inia darini, hatua chache kutoka kwenye mtambo. Mama aliinua macho kwenye kamba. Kisha akasema mzazi hahamishwi kabla ya siku ya saba, na chumba cha pili ni cha mitungi ya mafuta, huko ndiko kwao buibui hasa. Yote mawili yalikuwa kweli. Hicho ndicho kilichoniudhi.

Kwa hiyo asubuhi nilienda ofisini.

Bi Naziha wa manispaa alinisikiliza kwa makini, akafungua waraka. "Mwalimu, sisi tunapulizia wadudu."

"Ndiyo."

"Wadudu wana miguu sita. Buibui ana minane. Hilo wewe unalijua kuliko mimi."

Alinielekeza kilimo. Kilimo wakauliza buibui wanakula zao gani. Wakanielekeza afya. Afya wakasema nilete aliyeumwa, kwa kuwa bila aliyeumwa hakuna tukio. Nikarudi kwa Bi Naziha, naye akagundua kwamba nyumba ya mama, kwa mujibu wa daftari, ilihamwa zamani watu walipopewa nyumba za mji mpya. Kisheria haina mkazi. Kwa hiyo kisheria hakuna wa kuumwa.

Nadhani nilipiga meza. Sina hakika. Ila aliinua uso, akasema kwa upole, "Nenda nyumbani, Mwalimu. Afisa atakuja kabla ya magharibi. Atatoa amri, na mama akishaiona amri atanyamaza. Mama zetu wote wako hivyo."

Ndivyo nilivyorudi na chokaa yangu, nikimsubiri afisa nisiyemwamini.

Na afisa alikuwepo.

Alikuwa ameketi kwenye jiwe, mlangoni mwa njia ya chini. Mwanamke. Amejifunika shuka jeusi la sufu, namna ya wanawake wa kwetu wa zamani, na mwanga ulikuwa nyuma yake, uso sikuuona. Nikasema moyoni, ofisi siku hizi inaajiri hata akina mama watu wazima. Nikaona ni maendeleo.

"Wewe ndiye mwenye buibui?" aliuliza. Sauti kavu. Ya chini.

"Ndiye mimi. Karibu. Nilidhani hamtakuja."

"Nilikuwa nangoja kuitwa."

Hilo nalo niliona ni jibu la kiofisi.

Hakuwa na karatasi wala kalamu. Afisa asiye na karatasi! Hapo ndipo nilipopaswa kuacha chokaa na kukimbia. Lakini mtu aliyezungushwa mchana kutwa hamkagui anayemsikiliza.

"Mnalala wangapi?"

"Mke wangu na mtoto. Mama yuko chumba cha karibu na zizi."

"Mtoto wa kike."

Hakusema kama swali.

"Analala wapi?"

"Kwenye susu. Karibu na mtambo, ndiyo taabu yenyewe."

"Anaitwa nani?"

Kwetu jina halitamkwi kabla ya siku ya saba. Mimi na Selma tulikuwa tumelichagua kimyakimya, hata mama hakulijua. Lakini nimejaza fomu tangu nimekuwa mtu mzima. Ukiniuliza jina kwa sauti ile, ulimi unajibu wenyewe.

Nikalitamka.

Akalirudia. Polepole... kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Jina hilo sitaliandika hapa.

"Mtambo ukatwe," alisema.

"Mama hataki."

"Mwambie umeamriwa."

Maneno hayo nilikuwa nimeyatafuta kila ofisi ya mji. Niliteremka karibu nikicheka. Nyuma yangu sikusikia nyayo, nilisikia tu shuka likiburuzika ukutani. Harufu ikanifuata. Sufu mbichi. Chumba kilichofungwa miaka.

Uani hapakuwa na mtu. Kutoka upande wa zizi nilisikia maji yakimwagika na Selma akinong'ona na mama. Selma alikuwa anaogeshwa. Mtoto alikuwa ameachwa alale.

Nikachukua mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo.

Chumbani mlikuwa na giza la kijivu. Mtambo ulisimama kama mlango usio na nyumba. Nikakata uzi wa kwanza.

Tung.

Ulilia kama wa kinanda. Nikakata wa pili, nikakata fungu zima. Ubao wa juu ukatoa sauti... siyo ya mbao. Pumzi. Mtu aliyebana pumzi miaka mingi, sasa anaiachia.

Buibui wakaanza kudondoka.

Kama mchele unaomwagika sakafuni. Hawakunigusa. Walipita pembeni mwa viatu vyangu, weusi, wengi, wote wakielekea mlangoni, na mlangoni palikuwa na upindo wa shuka jeusi.

"Inatosha," ilisema sauti nyuma yangu. Sasa haikuwa kavu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekunywa maji.

Susu lilikuwa linabembea.

Hapakuwa na upepo.

Nililirukia. Mtoto alikuwemo, mzima, macho wazi. Hakuwa ananitazama mimi. Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na nyuzi tu.

Blanketi halikuwepo.

Mama aliingia na taa. Aliangalia mtambo, akaangalia mkasi.

"Umekata."

"Nimeamriwa, mama. Afisa—"

"Kwa maji?"

"Hapana."

"Kwa shahada?"

Niliuficha mkasi nyuma. Akaweka taa chini kwa uangalifu mkubwa. "Huyo afisa wako alikuwa mwanaume au mwanamke?"

"Mwanamke."

"Alikuuliza nini?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye jina alinishika mdomo kwa kiganja chake.

"Na wewe ukampa," alinong'ona. "Watu wamesoma, jamani. Watu wamesoma."

Kesho yake kondoo alichinjwa na wageni wakaja. Kabla sijafungua kinywa, mama alisimama akatangaza kwamba mtoto anaitwa Aljia. Selma alilia. Alisema ni jina la kikongwe asiye na meno. Mama akamjibu, "Ndiyo maana. Nani atalitamani?"

Nilimpigia Bi Naziha nikiwa juu ya kilima, ambako simu inashika.

"Afisa alifika, Mwalimu. Kwetu inaonekana imetekelezwa."

"Afisa gani?"

"Ridha."

"Ridha ana masharubu. Aliyekuja ni mwanamke."

"Buibui wapo au wameondoka?"

"Wameondoka."

"Basi, Mwalimu, tunagombania nini?"

Ridha nilimkuta mgahawani baadaye. Alikiri kwamba siku ile alikuwa Medenine, harusini kwa shemeji yake, akaniomba nisimharibie. Mwanamke wa kujifunika shuka hamjui. Labda, alisema, ni mwendawazimu mmoja anayezunguka vijiji vya juu akiomba sufu. Huenda. Nimeshauliza vijiji vya juu. Wengine wanasema yupo, wengine wanasema alishakufa.

Kwa upande wa buibui, lazima niseme kweli, kazi ilifanyika vizuri. Hakuna hata mmoja aliyeonekana tena katika nyumba ya mama, na binti yetu hakuumwa.

Tunaishi mjini sasa, ghorofani, kuta nyeupe, taa haizimwi. Aljia ameshaanza kutembea. Ukimwita Aljia haitiki. Unamwita, unamwita tena, anaendelea na kijiko chake. Tulimpeleka akapimwa masikio. Daktari alisema ni mazima, mtoto ni mkaidi tu, na akauliza kama ukaidi uko upande wa baba.

Lakini jua likizama, huacha alichoshika. Hugeuza shingo kuelekea mlango wa ngazi, na uso wote unamchangamka.

"Naam," husema.

Sisi hatusikii kitu. Mama hupiga simu kila jioni, na hana salamu nyingine siku hizi. "Ameitika?" Nami humjibu, hapana mama, leo hapana.

Tumefunga komeo la juu. Selma ameondoa viti vyote karibu na mlango.

Wiki hii mkono wa mtoto umeanza kufika kwenye kitasa.