Kitufe cha Viatu vya Leo

Kila alasiri Chiriku alivua sare ya shule, akala upesi, kisha akaingia chumba cha mbele kufagia vipande vya ngozi. Jina lake la kwenye daftari la mahudhurio lilikuwa jingine, lakini nyumbani na darasani wote walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Chumba kile kilikuwa karakana ya mama yake, fundi wa viatu vya watu wenye shida ya miguu: mguu uliopinda, uliovimba, au uliopitwa urefu na mwenzake. Kilinuka gundi na ngozi mpya. Kwenye rafu ilipangwa miguu ya mbao ya kuundia viatu, miwili miwili, kila jozi imeandikwa tarehe kwa chaki.

"Usiguse kiatu hicho cha juu," mama alisema bila kuinua kichwa. "Gundi haijakauka."

"Mama, kwani lazima kiatu kikae wiki mbili?"

"Siku kumi na nne. Mguu naupima mara mbili, maana mguu wa asubuhi na mguu wa jioni haiko sawa. Kisha nachonga, nashona, nasubiri gundi ishike. Nikiharakisha nikakosea soli kidogo tu, mtu anapinda mgongo. Unataka nipinde watu migongo?"

"Hapana, mama."

"Basi fagia."

Chiriku alifagia, lakini akili yake ilikuwa shuleni. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amewapa wanachama wa klabu kazi: kila mmoja atengeneze tovuti ndogo kuhusu kazi ya mtu wa nyumbani kwao. Kwenye ukurasa kuwe na kitufe, na mtu akikibofya kifunguke kidirisha kidogo chenye habari zaidi.

"Kidirisha kinachoruka chenyewe machoni mwa msomaji kabla hajasoma hata neno," mwalimu alieleza, "ni sawa na mtu anayeingia chumbani kwenu bila kupiga hodi. Mtamfukuza tu. Sisi tunataka kidirisha kinachokaa kimya mpaka kiitwe. Msomaji akibofya, ameomba mwenyewe. Ndiyo maana atasoma."

Kila Ijumaa idadi ya mibofyo iliandikwa ubaoni. Atakayeongoza baada ya mwezi ataiwakilisha shule kwenye maonyesho ya wanafunzi.

Chiriku aliutaka ushindi huo kufa na kupona. Kitufe chake cha kwanza kiliandikwa "Jinsi ya kupima mguu." Ukikibofya, ulifunguka mchoro mzuri wa mguu juu ya karatasi na maelezo aliyoyatoa mdomoni mwa mama yake. Wiki ya kwanza alipata mibofyo minne. Miwili ilikuwa ya shangazi yake.

"Minne?" alicheka mvulana mmoja wa miwani waliyemwita Profesa, aliyetengeneza ukurasa wa mjomba wake fundi baiskeli. Yeye alikuwa na ishirini na mmoja. "Chiriku, hata paka akikanyaga simu anabofya zaidi."

Darasa zima liliangua kicheko. Chiriku akazima kompyuta yake.

Jioni hiyo alikifuta kitufe kile akaandika kingine, chekundu, kwa herufi kubwa: "VIATU VIKO TAYARI LEO. BOFYA HAPA." Ndani ya kidirisha aliweka nafasi ya jina na namba ya simu, na chini yake mtaa, njia na maneno haya: "Fika karakana kwetu." Moyo ulimsuta kidogo. Akaunyamazisha. Si kila siku kulikuwa na kiatu cha mtu fulani kinachokamilika? Basi viatu viko tayari. Hajadanganya sana. Mama hakuwa na muda wa kutazama tovuti, naye hakumwambia.

Ijumaa iliyofuata ubao ulisomeka arobaini na tatu. Profesa alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Umefanyaje?"

"Akili," alijibu Chiriku, akapita kifua mbele. Watu kumi na mmoja walikuwa wameandika namba zao. Hakumpigia hata mmoja. Hakujua angewaambia nini.

Jumamosi asubuhi hodi ilipigwa. Chiriku alifungua, akamkuta bibi mmoja aliyelowa jasho, amembeba mgongoni mtoto wa kike wa miaka kama saba.

"Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndipo hapa? Pa viatu vya leo?"

Chiriku aligeuka kumtazama mama yake. Mama alikuwa amekwisha kusimama.

"Karibu ndani, mama yangu. Kaa. Viatu vya leo vipi?"

Bibi alimshusha mtoto kitini. Mguu wa kushoto wa mtoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, naye alivaa kandambili zilizochakaa. Bibi akatoa simu kwenye pindo la kanga, akaionyesha kwa fahari.

"Imeandikwa humu. Jirani alinisomea, lakini kubofya nilibofya mwenyewe. Kidole changu hikihiki. Tukaondoka alfajiri, magari mawili, na kutoka stendi nimembeba. Jumatatu anaanza shule."

"Na kiatu chake cha zamani?" mama aliuliza.

"Kilikuwa kimeanza kumbana. Kuna mtoto pale kwetu, naye ana shida ya mguu huuhuu wa kushoto, hajawahi kuvaa kiatu cha kufaa. Jana tukampa. Nikasema, huyu wangu kesho anapata kipya."

Mama alichukua simu, akausoma ukurasa, akabofya kitufe chekundu, akasoma na kidirisha. Kisha akamtazama binti yake. Hakupaza sauti. Chiriku angeona afadhali kama angepaza.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi, mama."

"Leo nina kiatu cha mtoto huyu?"

"Hapana."

"Mwambie bibi. Si mimi. Wewe uliyemwita."

Chiriku alipiga magoti mbele ya bibi. "Bibi, nisamehe. Viatu haviko tayari. Vinachukua siku kumi na nne. Niliandika hivyo ili watu wabofye, nishinde shuleni."

Bibi hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na uso wake ukazeeka palepale.

"Kwa hiyo nimempa mwenzake kiatu," alisema polepole, "na wangu anarudi bila kiatu."

Mtoto alivuta kanga ya bibi yake. "Bibi, kiatu kipya kiko wapi?"

Chiriku alilia. Hakuna aliyembembeleza.

Mama alikwisha kuvaa aproni. Alimsimamisha mtoto juu ya karatasi, akauzungushia mguu penseli, akapima tofauti ya urefu. "Sentimita nne," alisema. "Mama yangu, nitakwambia ukweli. Leo siwezi kukupa kiatu. Naweza kuongeza tabaka za mpira chini ya kandambili hii na mkanda wa kuishikilia, aweze kutembea nyumbani na kuingia darasani. Asikimbie nayo. Jioni nitampima tena, na baada ya siku kumi na nne kiatu chake kitakuwa tayari. Leo mtakula hapa."

Kutwa nzima Chiriku alikata mpira, akashika taa, akapaka gundi. Wageni walipoondoka jua likishuka, mtoto alitembea mwenyewe, akiyumba kidogo. Chiriku aliwabebea mfuko mpaka stendi.

Aliporudi alimkuta mama ameketi na simu mezani.

"Wangapi wameacha namba?"

"Kumi na mmoja. Bibi ni mmoja wao."

"Kumi wamebaki. Anza."

"Nikiufuta ukurasa je, mama? Si uongo utakuwa umeisha?"

"Utaisha kwako. Kwao bado. Labda yupo mwingine amefunga mzigo. Piga."

Chiriku alipiga. Mwanamume wa kwanza alimfokea mpaka akaisogeza simu mbali na sikio. Wa pili alikata. Wa tano, mwanamke, alisema alipanga kusafiri Jumatatu na mwanawe, akashukuru kuambiwa mapema. Kila mara ilibidi aseme tena: "Niliandika uongo." Neno hilo halikuzoeleka ulimini hata mara ya kumi.

Siku ya klabu alimwomba mwalimu afute ile arobaini na tatu ubaoni, akaeleza sababu mbele ya wote. Alisubiri kicheko. Profesa alitazama daftari lake tu. Mwalimu alichukua kifutio, akafuta.

"Kitufe chako cha kwanza kilikuwa kizuri," alisema. "Kilihitaji kuelezwa vizuri, hakikuhitaji kupakwa rangi."

Basi Chiriku aliandika kipya: "Kiatu cha mguu wako: jinsi ya kupima, na siku za kusubiri." Ukikibofya, kidirisha kilifunguka na mchoro, na juu kabisa: "Siku kumi na nne. Utapimwa mara mbili. Usigawe kiatu chako cha zamani kabla ya kuvaa kipya." Mwezi ulipoisha alikuwa na mibofyo kumi na mitano. Profesa alikwenda kwenye maonyesho, na Chiriku akampigia makofi. Yalimuuma viganjani, lakini alipiga.

Jumamosi ya pili baada ya safari ile, hodi ilipigwa tena.

"Jana nilibofya," alisema bibi kabla hata ya kuketi. "Safari hii ilisema kumi na nne. Nimezihesabu moja moja. Ndizo?"

"Ndizo, bibi," alijibu Chiriku. Akaenda rafuni, akashusha kiatu cheusi chenye soli nene, akapiga magoti, akamvisha mtoto na kumfunga kamba. Mtoto alisimama. Mabega yake yalikuwa sawasawa. Alitembea mpaka mlangoni, akageuka, akarudi, kisha akaenda tena bila kutumwa.

Bibi alijifuta macho kwa kanga. Mama aliweka mkono begani kwa binti yake, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Sikia, mwanangu. Kumfanya mtu abofye ni rahisi. Lakini yule anayebofya amekuamini, kama mtu aliyekunyooshea mkono kwenye giza. Usimvute kwa kitu ambacho huna. Mwambie ulichonacho na siku zake, hata kama watakuja wachache. Hao wachache watarudi."

"Nimesikia, mama."

"Haya. Chukua ufagio."

Chiriku aliuchukua. Alifagia kuanzia mlangoni, taratibu, ili mtoto apate nafasi ya kutembea.