Mashine ya Salfa na Masikio ya Lukumani

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, nyumba ya Mwamina huamka mapema kuliko majogoo. Unga wa salfa hupuliziwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Kwa hiyo Lukumani, mume wake, hunywa uji amesimama. Hujifunga kanga kuukuu kichwani ili unga usimwingie kwenye nywele na masikio. Huvaa barakoa, hubeba mashine mgongoni, huyoo, anakwenda zake.

Pale kijijini Mandawa watu wengi walimwita awapulizie mashamba yao, maana mkono wake hauna papara. Kazi ilikuwa nzuri. Ubaya wake ni kelele tu. Injini ya ile mashine hunguruma nyuma ya kisogo, jirani kabisa na masikio. Lukumani alipokuwa akirudi nyumbani, mashine imezimwa zamani, lakini kichwani mwake bado inalia: nziiii.

"Baba Siku, uji uko tayari," Mwamina husema.

"Eeh?"

"Uji uko tayari."

"Eeh?"

"UJI!"

Jamani! Mwamina ni mtu mpole. Hata alipoolewa watu walimsifu kwa sauti yake ya chini. Sasa alikuwa akipayuka kama anafukuza nyani shambani. Koo lilimuuma, lakini moyo ulimuuma zaidi. Yapo maneno ya mke na mume ambayo hayapigiwi kelele. Ukiyasema mara moja, ni matamu. Ukiyarudia mara ya tatu kwa kupayuka, yanakuwa tangazo la mkutano wa kijiji. Basi Mwamina akaanza kuyaacha. Siku moja aligundua kwamba wanaongea habari za uji, maji na jembe tu. Akaogopa.

Majirani nao walikuwa wameshapata habari yao. Walisema kwa Lukumani kunawaka moto, mke anamfokea mume kutwa nzima. Habari ikafika Narung'ombe kwa shangazi yake Lukumani, Bibi Binti. Naye hakukawia. Alipanda bodaboda akaja kusuluhisha.

"Shikamoo, shangazi," Mwamina alimpokea.

"Marahaba. Tandika jamvi. Kaeni hapa nyote wawili."

Walikaa. Lukumani alikuwa akichonga mpini wa jembe, amempa shangazi ubavu. Bibi Binti alianza kwa upole, kama wasuluhishi wanavyoanza. Alisema ndoa ni kuvumiliana. Alimuuliza Lukumani amemkosea nini mkewe. Lukumani akaendelea kuchonga.

"Umeona dharau hiyo?" Bibi Binti alimgeukia Mwamina. "Nimetoka Narung'ombe na vumbi lote lile, mtoto wa kaka yangu hanijibu!"

Akampiga kofi la begani. Lukumani akashtuka.

"Eeh? Shangazi, umesema?"

Bibi Binti alimtazama. Akamtazama Mwamina. Machozi yalikuwa yanamlenga Mwamina, na kicheko kilikuwa kinamponyoka, vyote kwa pamoja.

"Loo! Kumbe hamgombani," alisema Bibi Binti. "Huyu hasikii! Mpeleke hospitali, mwanangu, habari za ndoa tutaongea baadaye."

Walikwenda hospitali, Nachingwea. Mganga alichungulia masikio, hakukuta uchafu wala usaha. Akampima usikivu, kisha akawaeleza taratibu.

"Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana. Ndivyo vinavyopokea sauti. Kelele kali huviumiza. Vingine huchoka tu, na vikipumzishwa hupata nafuu. Vingine hufa, na vilivyokufa haviponi."

"Vyake vimekufa?" Mwamina aliuliza.

"Baadhi. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La mumeo halijafa lote. Lakini akiendelea na mashine ile bila kinga, litakufa. Tafuteni kinga ya masikio."

Kabla ya kurudi walipita kumjulia hali binti yao, Sikudhani, anayesoma bweni hukohuko mjini. Kisha Lukumani akaingia sokoni. Alitoka na hedifoni kubwa nyekundu, zinang'aa, zinafunika sikio zima.

"Kinga hii hapa, Mama Siku! Na muziki ndani!"

Kesho yake alizivaa kazini. Injini iliponguruma, akaongeza muziki. Injini ikaushinda muziki, akaongeza tena mpaka mwisho. Siku hiyo mlio wa kichwani ulikuwa mkali mpaka akashindwa kula.

Jirani yao Dorotea alikuwa amerudi mapumziko. Dorotea ni dereva wa shindilia, ile mashine nzito ya kushindilia barabara. Mwamina alimpelekea zile hedifoni nyekundu na malalamiko yake yote, Lukumani akimfuata nyuma.

Dorotea alizikunjua, akacheka. "Shemeji Lukumani! Umeponzwa na kung'aa! Njoo. Zivae, usiwashe muziki."

Akachukua sufuria na mwiko, akagonga nyuma yake: kwa, kwa, kwa!

"Unasikiaje?"

"Nasikia sufuria," alijibu Lukumani.

"Basi injini nayo inapita hivyohivyo. Hizi ni za muziki tu, hazikuundwa kuzuia kelele. Tena umezidisha. Umeyabebesha masikio mizigo miwili, injini na muziki."

"Ina maana nifanye kazi bila redio?" Lukumani alinung'unika. "Kazi hainogi bila redio, dada."

"Nani kakunyima redio?" Dorotea aliingia ndani, akatoka na hedifoni zake za kazini. Zilikuwa nyeusi, zimechubuka kidogo. "Hizi ni za kukinga masikio, na redio imo humuhumu. Shika."

Lukumani alizigeuzageuza. Mwamina akasogea, naye apate kuona.

"Ukinunua, usitazame rangi," alisema Dorotea. "Soma boksi. Tafuta namba ya kupunguza kelele, iko karibu na herufi SNR au NRR. Kwa mashine kama yako, iwe ishirini na tano kwenda juu. Ukiona boksi halina namba hiyo, rudisha. Halafu bonyeza hizi pedi. Ziwe laini, zizibe sikio pande zote, zisiache upenyo. Pedi iguse ngozi. Na uzivae palepale dukani, maana zikibana sana utazivua baada ya muda mfupi, na hedifoni iliyovuliwa haikingi kitu."

"Na redio?" aliuliza Mwamina.

"Redio yake imefungiwa sauti. Ukiongeza mpaka mwisho, haifiki pa kuumiza sikio. Muuzaji akuhakikishie hilo, kisha jaribu kama inakamata vituo vya huku kwetu. Lakini shemeji, ukiwa umezivaa, mtu akija nyuma yako hutamsikia. Waambie wote waje kwa mbele, wanyooshe mkono. Nawe uzime injini kabla ya kuzungumza."

Lukumani aliuza zile nyekundu kwa kijana mmoja mpenda muziki. Dorotea akamwagizia mpya kwenye duka la vifaa vya usalama kazini, zikaja kwa basi. Mwamina akasubiri nafuu.

Nafuu haikuja. Wiki ikapita, Lukumani bado anarudi na ule mlio. Bado ni "eeh?"

"Redio ya hizi ni dhaifu," alilalamika. "Nimeiweka mwisho, siisikii vizuri. Dada Dorotea katuingiza mjini."

Neno hilo lilimkaa Mwamina kichwani. Kama kelele imezuiwa kweli, mbona redio haisikiki? Kesho yake alibeba mihogo ya kuchemsha, akaenda shambani. Alipita mbele ya mumewe, akanyoosha mkono. Lukumani akazima injini. Mwamina akamtazama kichwani, akashika kiuno.

"Baba Siku! Umejifunga kanga kwanza, halafu hedifoni juu yake?"

"Nimeziweka juu ya kanga, ndiyo. Unga je?"

"Pedi iguse nini?"

Lukumani alifikiri. "Ngozi," alisema polepole.

"Na hapo imegusa nini? Kanga! Mikunjo yote hii imeacha upenyo, kelele inaingia tu. Inama."

Alimvua hedifoni, akamfungua kanga. Akampangusa jasho na unga masikioni kwa mkono wake. Akamvalisha hedifoni kwanza, pedi zikakaa vizuri kwenye ngozi, nywele na kamba ya barakoa vikawekwa pembeni. Kisha akamfunga kanga juu ya vyote.

Lukumani akawasha mashine. Macho yakamtoka.

"Mwe! Injini imekwenda wapi?" Akaigeukia mgongoni kuhakikisha. Kisha akapapasa kitufe cha redio, akapunguza sauti.

Kuanzia hapo alivaa hivyo kila siku. Pedi alizifuta akimaliza kazi. Msimu ulipokwisha walirudi hospitali kupima. Masikio hayakuwa yameharibika zaidi, na vile vinywele vilivyochoka vilikuwa vimepata nafuu kiasi. Lakini sauti nyingine hazikurudi. Mpaka leo Lukumani hasikii sauti za ndege wadogo. Mlio wa kichwani nao ulipungua.

Korosho zikaanza kudondoka. Alasiri moja walikaa uani wakitenganisha korosho na mabibo, Lukumani amempa mkewe mgongo. Katika miezi ile ya "eeh", Mwamina alikuwa amejizoesha jambo moja. Yale maneno yasiyopigiwa kelele aliyasemea mgongo wa mumewe, taratibu, ili tu yasimkae kifuani. Siku hiyo pia yakamtoka.

"Nakupenda, wewe mtu wa salfa. Mungu akuweke."

Mkono wa Lukumani ukasimama.

"Rudia," alisema bila kugeuka.

"Nirudie nini? Sijasema kitu."

"Umesema. Nimesikia yote."

Mwamina alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Mama mzima, mwenye binti wa sekondari, aibu ikamshika kama mwali. "Kumbe unasikia!"

"Leo nimesikia." Lukumani akageuka, anacheka. "Na siku zile zote, ulikuwa unasema nini?"

"Mengi."

"Basi anza."

Mwamina alisogeza kikapu cha korosho, akakaa karibu naye, akaanza. Hakupaza sauti hata kidogo.