Zamana ya Elfu Thelathini

Saa 1:20 asubuhi

Kibwana alifunga mlango wa chumba cha nyuma ya stoo ya barafu, Kilwa Masoko. Akapanga simu sita mezani.

"Mpango ni mmoja. Wakulima wa Kiranjeranje wamelipwa ufuta juzi. Saa mbili kamili meseji inawaingia watu mia tatu na ushee. Kila mmoja anatuma elfu thelathini ya dhamana, sisi tunamuahidi mkopo wa milioni. Saa sita tupo njiani kwenda Dar. Kuna swali?"

Hussen, mwenye pikipiki, hakuwa na swali. Rehani alikuwa nalo moja. Akalimeza.

Rehani ndiye aliyekuwa mwandishi wa genge. Wiki mbili nzima alizurura kwenye makundi ya mtandaoni akiokota jinsi watu wanavyoandika mambo ya fedha, na kusema kweli alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Riba ilikuwa liba. Akiba ilikuwa hakiba. Marejesho yalikuwa malejesho, na aliyeshindwa kuyalipa aliandika kwamba amefirisika. Mmoja alitangaza kuwa anauza isa za kampuni, na muumini fulani akamjibu hapo hapo, "Alayhi salaam."

Rehani alitaka meseji iwe na Kiswahili safi. Kibwana alikataa katakata. "Ukiandika kama benki watakuogopa kama benki. Andika kama jirani yao, bwana." Hivyo dhamana ikawa zamana, na wote watatu wakacheka.

Kicheko cha Rehani kilikuwa kifupi. Mama yake, Bi Saida, aliishi Kiranjeranje. Namba yake alikuwa ameifuta kwenye orodha mwenyewe, akarudia kukagua mara mbili.

Saa 2:00

Meseji ziliondoka.

Saa 2:40

Haikuingia hata shilingi. Kibwana alizunguka chumba. Hussen alichungulia dirishani, akarudi, akachungulia tena. Kimya kile kilimtisha Rehani kuliko king'ora cha polisi.

Saa 3:05

Simu moja iliita. Kibwana aliweka spika, akamsukumia Rehani. Rehani akabana pua kidogo.

"Shikamoo mama. Hapa ni ofisi ya mikopo."

Upande wa pili ukajibu, "Marahaba, baba."

Ilikuwa sauti ya Bi Saida.

Rehani alikuwa amesahau, kwa sababu alikimbilia mjini akiwa na miaka kumi na sita. Kiranjeranje hakuna anayejibu meseji ya pesa peke yake. Inapelekwa kwenye ghala la ufuta, na Bi Saida, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, anaisoma kwa sauti mbele ya wote. Kuifuta namba yake ilikuwa kazi bure.

"Tumewasoma hapa ghalani," alisema Bi Saida. "Tumekusanya milioni tisa na kidogo. Ila sisi dhamana hatuitumi kwa simu, baba. Dhamana hutolewa mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi. Ofisi yenu iko wapi? Lori tunalo."

Kibwana alimnong'oneza sikioni. Rehani akaelekeza: Masoko, nyuma ya stoo ya barafu. Simu ikakatika.

"Mfuko mmoja!" Kibwana alipiga meza. "Wanatuletea wenyewe!" Akachomoa panga chini ya godoro, akaliegemeza nyuma ya mlango. "Atakayeng'ang'ania mfuko, shauri yake."

Rehani alimjua atakayebeba mfuko. Mama yake hakuwahi kuachia cha watu, hata senti. Alilitazama lile panga na kuogopa kama hajawahi kuogopa maishani.

Saa 4:10

Kibwana na Hussen walitoka kutia mafuta kwenye pikipiki. Rehani alinyakua simu. Akabonyeza namba ya mama yake.

"Mama, ni mimi. Rehani. Rudini! Hakuna ofisi hapa. Sisi ni wezi, na kuna panga."

Ndani ya simu lori lilinguruma.

"Nilikujua tangu uliponiamkia," alisema Bi Saida. Akakata.

Rehani aligeuka. Kibwana alikuwa amesimama mlangoni, na hakuonekana kuwa na hasira hata kidogo.

"Laini hii imesajiliwa kwa kidole cha nani?"

Rehani alitazama dole gumba lake. Kibwana alikuwa amemwomba amsajilie laini mwezi uliopita, eti kitambulisho chake kimepotea.

"Basi mwizi ni wewe, mwanangu."

Akazoa simu tano na panga, akaiacha ile moja mezani. Kufuli likalia kwa nje. Pikipiki ikawaka, ikaondoka.

Saa 5:30

Lori lilisimama. Rehani alikuwa chini ya meza, magoti kifuani. Alisikia miguu mingi ikiruka chini. Mtu aliuliza nani ana kiberiti. Mwingine akajibu kwamba petroli haipo mbali. Nondo ikaingizwa kwenye kufuli, na mlango ukaachia.

"Toka, mwanangu."

Bi Saida alikuwa ameukumbatia mfuko. Nyuma yake walisimama watu arobaini, na mbele yao Mzee Likwata, jirani wa kina Rehani wa miaka mingi, mwenye fimbo mkononi.

"Polisi wameshapigiwa," alisema Bi Saida. "Kabla hawajafika hakuna atakayekugusa. Lakini utasoma." Akaichukua simu iliyoachwa mezani, akamkabidhi. "Kwa sauti. Kama tunavyosoma ghalani."

Rehani akasoma. "Ndugu mkulima, pata mukopo usio na liba…" Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye zamana, akaacha kusoma, akainua macho. Mzee Likwata alikuwa ametoa simu yake, anafuatisha kwa kidole, herufi kwa herufi, midomo ikicheza.

"Endelea," alisema mama yake. "Hawa nimewafundisha kusoma kwa miaka kumi na moja. Watakusubiri."