Isidore Alisema Anaenda Swima

Nyumba ya Isidore iko Baraka, karibu na pwani ya ziwa, pale akina mama wanapoanika ndagala, yaani dagaa, juu ya nyavu kuukuu. Isidore ni mvuvi. Baba yake alikuwa mvuvi, na babu yake vilevile. Kila asubuhi mke wake, Espérance, hukoroga uji. Binti yao Merveille, mwenye miaka tisa, hufukuza kuku wasile ndagala. Ndivyo siku yao inavyoanza.

Mwezi wa saba ilifika habari njema kutoka Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Mama Pulchérie, mama yake Espérance, alikuwa amepona baada ya kuugua miezi miwili.

"Twende tumuone," alisema Espérance.

Isidore alifurahi. Alitafuta zawadi za kupeleka kwa mama mkwe: jogoo mwekundu, mfuko wa unga wa muhogo na bidoni, yaani dumu, la mawese. Alijinunulia na shati jeupe.

"Lakini musiseme kwa mutu," aliwaonya. "Safari ya maji haitangazwi. Mutu mwenye wivu akijua njia yako, anaifunga. Baba alinifundishaka vile."

"Hata mama tusimwambie?" aliuliza Espérance.

"Hata yeye. Tutamushangaza."

Siku ya safari walipaswa kuondoka alfajiri, ziwa likiwa bado limelala. Lakini makaa ya pasi yalichelewa kushika moto. Shati lilikuwa na mikunjo, na Isidore hakutaka kufika kwa wakwe kama mtu aliyelala ndani ya gunia. Walipofika pwani ilikuwa saa tatu. Jua lilikuwa limepanda.

Walimkuta Zubeda. Huyo ni jirani yao, anauza ndagala na huvuka ghuba kila wiki. Alikuwa anakausha gilet zake juani, yale makoti ya rangi ya machungwa yanayomfanya mtu aelee.

"Eeh, Baba Merveille!" aliita. "Na shati jeupe hivi, unaenda kuvua ao unaenda kuoa?"

Akina mama wa ndagala wakacheka.

"Mi naenda Swima tu," alijibu Isidore. "Hapa hapa, pembeni ya pwani."

Espérance aliangalia chini. Merveille akafungua kinywa, mama yake akamfinya mkono.

"Swima, sawa," alisema Zubeda. "Lakini upepo iko karibu kuamuka. Kamateni hizi gilet tatu, mutanirudishia."

"Mama Zubeda, mi nilizaliwa kwa maji haya. Gilet ni ya bageni."

Moyoni Isidore aliwaza jambo jingine. Afike mbele ya mama mkwe amevaa koti la waoga? Aa, hapana.

"Maji haijue mutu alizaliwa wapi," alisema Zubeda. Isidore alikuwa ameshashika kasia.

Alipiga makasia kufuata pwani kuelekea kijiji cha Swima. Watu wa Baraka walipokuwa hawamuoni tena, aligeuza mtumbwi, akaelekea Ubwari.

Saa tano walikuwa katikati ya ghuba. Upepo wa kusini ukaamka. Mwanzoni ulipeperusha kilemba cha Espérance tu. Kisha mawimbi yakaanza kupiga ubavu wa mtumbwi. Mtumbwi ulikuwa umejaa, ukingo wake ulibaki kiganja kimoja tu juu ya maji. Kila wimbi lilimwaga maji ndani, na hawakubeba hata kopo la kuyatoa. Merveille alichota kwa mikono.

"Tupa unga!" alilia Espérance.

"Tutafika na nini kwa mama yako?"

Hapo jogoo akakurupuka, kamba ikamtoka mguuni. Isidore akasimama ili amdake. Kwenye mtumbwi mdogo hakuna kusimama. Ukapinduka.

Walipoibuka, mfuko wa unga ulikuwa umezama na jogoo haonekani. Mtumbwi ulikuwa juu ya maji, kifudifudi, na wote watatu wakaushika. Isidore alitazama milima ya Ubwari. Aliiona iko karibu.

"Mi naogelea kutafuta musaada," alisema.

"Usituache, Baba Merveille! Mutumbwi unaelea, we hauelei!"

"Baba!" aliita Merveille. "Baba, bakia!"

Isidore akaenda.

Aliogelea, aliogelea, lakini milima haikusogea. Mikono ikawa mizito kama magogo. Alipogeuka nyuma hakuuona mtumbwi, hakumuona mke, hakumuona mtoto. Aliona maji tu. Hapo ndipo alipoelewa alichofanya, na hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Mungu ni mwema. Wavuvi wawili wa Ubwari walikuwa wanakimbilia nyumbani kwa sababu ya upepo. Mmoja wao, Jérémie, aliona kitu chekundu. Kilikuwa kikwembe, kitenge cha Espérance. Alikuwa amekifunga kwenye kasia, anakipunga juu. Wakamuokoa pamoja na mtoto. Espérance akawaonyesha upande alikoelekea mumewe. Walimkuta Isidore maji yamefika puani. Walimvuta kwa shati, shati likapasuka mgongoni.

"Ni we mwanaume wa huyu mama?" Jérémie aliuliza.

Isidore aliitikia kwa kichwa. Jérémie akampa kisogo, akashika kasia.

Basi Isidore alifika kwa wakwe. Alifika bila viatu, bila zawadi, mgongo nje, anatetemeka mbele ya mama mkwe ambaye kwa heshima hata machoni hamtazami. Mama Pulchérie alimfunika kwa kikwembe chake mwenyewe.

"Pole, mukwe," alisema.

"Koko, baba alituacha kwa maji," Merveille alimwambia bibi yake.

Mama Pulchérie alisukuma kuni motoni, polepole, kipande kimoja kimoja.

"Juu ya nini hamukunijulisha?" aliuliza mwishoni. "Ningekaa pwani. Ningehesabu saa."

Usiku huo walimletea Isidore ugali na samaki. Aliisukuma sahani kando.

Kesho yake alfajiri Jérémie aliwarudisha Baraka, akiuvuta mtumbwi wao nyuma. Pwani ilikuwa imejaa watu. Zubeda alikimbia ndani ya maji, akamkumbatia Merveille. Kisha akamtazama Isidore. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Jana upepo ulipoamuka, nilituma mitumbwi mbili Swima," alisema. "Bakauliza kila kijiji. Bakarudi usiku. Angalia mikono ya Élie."

Élie, mvuvi wa jirani, alifungua viganja. Ngozi ilikuwa imechubuka kwa kasia, nyama inaonekana.

"Tulikutafuta pale ulituambia," alisema Zubeda.

"Niliogopa wivu," Isidore alisema kwa sauti ndogo.

"Wivu? Baba Merveille, mutu wa wivu hawezi kukutafuta mpaka usiku."

Hakuna aliyecheka. Isidore alitamani mchanga upasuke umfiche.

Siku tatu hakutoka ndani. Aliona aibu hata Merveille alipomletea uji, kwa maana mtoto alimsalimia bila kumtazama. Siku ya nne alienda kwa Zubeda. Alisimama mlangoni kama mkopaji.

"Mama Zubeda, unifundishe."

"Mvuvi mukubwa, mi nikufundishe maji?"

"Nafahamu kuvua. Kuvuka, sifahamu."

Zubeda akasogeza kigoda. "Ikaa. Kwanza, ulishindwa hapa hapa pwani, kabla ya upepo kuamuka. Saa tatu, mwezi wa saba, mwezi wa upepo, kwa mutumbwi mudogo? Ondoka alfajiri. Ukichelewa, acha mpaka kesho. Mama mukwe hatakimbia."

"Shati ndiyo ilichelewesha," alisema Isidore.

"Shati!" Zubeda akatingisha kichwa. "Na muzigo? Ukiona ukingo iko karibu na maji, punguza unga, usipunguze mutoto. Beba kopo la kutoa maji, ulifunge na kamba. Gilet inavaliwa ungali kwa muchanga, kamba zote zimefungwa. Ndani ya mawimbi hautaweza kuivaa. Simu ifunge ndani ya sachet mbili za plastiki."

"Na ukipinduka?" aliuliza Isidore. Aliinamisha kichwa.

Zubeda akamgeukia.

"Ukipinduka, shika mutumbwi. Wote. Milima inaonekana karibu, inadanganya. Kichwa cha mutu juu ya ziwa ni kama nazi moja. Mutumbwi unaonekana mbali. Espérance alifahamu vile."

"Alifahamu. Aliniambia."

"Na ya mwisho: sema njia yako. Sema ya kweli, kule unaenda. Na ukifika, ita kwa simu."

Wiki iliyofuata Isidore alivaa gilet mbele ya watu wote. Alipindua mtumbwi wake kwenye maji ya kifua, akafundisha familia yake kuushika. Akina mama wa ndagala walimtania: "Ee, machungwa imeiva!" Uso ulimwaka, lakini hakuivua gilet.

Mwezi wa nane walisafiri tena. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Élie alienda nao kwa mtumbwi wake, bega kwa bega. Zubeda alikuwa ametundika kibao cheusi kwenye ukuta wa duka lake, chenye majina ya wasafiri ambao bado hawajafika. Isidore alisimama mbele ya kibao. Alisema kwa sauti ya kusikika:

"Mi Isidore. Naenda Ubwari, kwa mama mukwe. Tuko batatu, na Élie. Saa nne tutafika. Saa tano kama sijaita, mutufuate Ubwari."

"Si Swima?" aliuliza mama mmoja.

"Si Swima," alijibu Isidore, na safari hii alicheka na wao.

Alipiga magoti kukaza kamba za gilet ya Merveille. Mtoto akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Baba, na tukipinduka?"

"Tunashika mutumbwi."

"Na we?"

"Na mi, mwanangu. Mi nitakuwa karibu yako."

Merveille akavuta kamba ya gilet ya baba yake, kwa nguvu, mara mbili, akihakikisha imefunga.

Walipokaribia Ubwari, Mama Pulchérie alikuwa pwani. Alijua siku, alijua saa. Aliinua kidole akahesabu: mmoja, wawili, watatu. Isidore akatoa simu ndani ya sachet mbili. Kule Baraka Zubeda alisikia maneno mawili tu, "Tumefika wote," akachukua kitambaa akafuta majina kwenye kibao.